Historia Fupi ya Makapi

Kiswahili kina majina mawili ya kitu kimoja, na hakuna hata moja linalokipa heshima. Darasani tunakiita nyuzinyuzi, kana kwamba tunazungumzia katani. Katika vijitabu vya lishe vya Tanzania utakuta pia makapimlo. Makapi ni yale yanayopeperuka ungoni wakati wa kupeta, yale ambayo kuku huachiwa. Aliyebuni neno hilo hakukosea, maana hivyo ndivyo madaktari wenyewe walivyoiona sehemu hiyo ya chakula kwa miaka mingi: takataka inayopita mwilini bila kazi. Historia ya namna takataka hiyo ilivyogeuka kuwa dawa ilianza Afrika Mashariki, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Naisoma nikiwa Chikongola, Mtwara, mahali ambapo watu wamekula makapi hayo siku zote, na naisoma nikiwa mtu mwenye tumbo lisilotulia. Ndiyo maana nina neno nayo.

Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari katika utumishi wa kikoloni, na mwaka 1935 akahamia Uganda. Wengi wanamkumbuka kwa kwashakoo, ugonjwa ambao yeye, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean waliuandikia kitabu mwaka 1954. Lakini Trowell alikuwa na tabia nyingine. Pamoja na magonjwa aliyoyaona wodini, aliandika pia yale ambayo hakuyaona. Mwaka 1956 yeye na S. A. Singh walichapisha katika East African Medical Journal habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa makala. Miaka minne baadaye, akiwa amesharudi Uingereza na kuwa kasisi wa Kianglikana, alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, akataja yaliyokuwa mengi Ulaya na machache kwetu. Mengi kati ya hayo ni ya tumboni: kidole tumbo, mawe ya nyongo, vifuko vya utumbo mpana, kufunga choo.

Denis Burkitt alikuja nyuma yake. Alikuwa mpasuaji kutoka Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Kampala. Dunia inamjua kwa uvimbe wa taya wa watoto unaobeba jina lake, alioueleza mwaka 1958. Ili kujua uvimbe huo unapatikana wapi, mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaendesha kama maili 10,000 kupitia Tanganyika na nchi za kusini yake, wakisimama katika hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: mnauona huu? Majibu aliyaweka kwenye ramani, na ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua. Akajifunza somo ambalo hakuliacha tena: ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, uliza kwanza ulipo na usipo.

Aliporudi Uingereza katikati ya miaka ya 1960 alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa akihubiri kwamba magonjwa mengi ya Wazungu yanatokana na sukari na unga uliokobolewa. Wakubwa wa tiba walimwona Cleave mtu wa ajabu. Burkitt akaona ramani nyingine. Akawaandikia madaktari wa hospitali za misheni, kwa fomu za kila mwezi, akiwauliza wamepasua vidole tumbo vingapi, wameona saratani ngapi za utumbo mpana. Cleave alikuwa ameshika kilichoongezwa, yaani sukari. Burkitt na Trowell wakashika kilichopungua, yaani makapi.

Kisha wakapima choo. Naomba msomaji asione aibu, kwa kuwa wao hawakuona. Burkitt, Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter walichapisha matokeo katika The Lancet mwaka 1972. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, choo chao kikakusanywa na kupimwa uzito, na vipande vikahesabiwa ili ijulikane chakula kinasafiri muda gani. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa takriban siku moja na nusu. Watu wa jeshi la majini la Uingereza walitoa kama gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Hoja ilikuwa rahisi na ya kuvutia. Choo kidogo na kigumu kinakaa sana, kinalazimisha utumbo kukaza, na vyote vinavyochelewa humo vinaudhuru. Rudisha makapi, utumbo utapumzika. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell walihariri pamoja kitabu juu ya wanga uliokobolewa na magonjwa, na mwaka 1979 Burkitt akaandika kingine kwa ajili ya watu wa kawaida. Pumba za ngano, zilizokuwa chakula cha farasi, zikapanda mezani Uingereza na Marekani.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa wakati wake. Serikali za kikoloni, na zile za uhuru baada yake, zilitufundisha kwamba maendeleo ni mkate mweupe, sembe nyeupe na sukari ya kutosha kwenye chai. Hapo wakatokea Waingereza wawili kusema kwamba mkulima wa Uganda, kwa ndizi zake, maharage na viazi vitamu, ana utumbo wenye afya kuliko baharia wa Malkia. Nawapenda kwa hilo. Ila kulipenda jambo hakunizuii kuuliza lilikosa nini.

Lilikosa mambo mawili. La kwanza ni namna makapi yanavyofanya kazi. Mwaka 1972 Trowell alieleza makapimlo kuwa ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enyo vya binadamu haviwezi kuyasaga. Maelezo hayo yanafuata kisichotokea: hakisagwi, basi kinapita, kinafyonza maji, kinasukuma. Lakini mwaka 1980 Alison Stephen na John Cummings, wakiwa Cambridge, waliwalisha watu nyuzinyuzi za kabichi na pumba za ngano, wakakichambua choo. Pumba zilitoka nyingi kama zilivyoingia, zikiwa zimebeba maji. Za kabichi zilikuwa zimetoweka karibu zote, na bado choo kiliongezeka. Kilichoongezeka kilikuwa bakteria. Walizila, wakazaana, wakatoka.

Mwenyeji wa pwani hahitaji maabara ili kuelewa hapo. Utumbo mpana ni mtungi. Kila tunachoshindwa kusaga wenyewe kinaangukia humo, na humo kinachacha, kama togwa inavyochacha na tembo la mnazi linavyochacha. Bakteria hula nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo yale makapi ni chakula kamili, ila hatuli sisi moja kwa moja. Wanakula wapangaji wetu, nao hutulipa kodi. Lakini hakuna mtungi unaochacha bila kutoa povu. Pamoja na asidi hutoka gesi: hidrojeni, kaboni dioksaidi, na kwa baadhi ya watu metani. Mbaazi zina sukari ndefu, rafinozi na stakiozi, ambazo utumbo mwembamba hauna kimeng'enyo cha kuzikata. Zinafika mtungini nzima, na bakteria hupokea karamu. Watoto wa Mtwara wanaijua sayansi hiyo kwa sauti yake, na huichekea darasani.

Jambo la pili walilokosa linanihusu. Kuna ugonjwa ambao madaktari duniani huuita kwa herufi tatu, IBS. Tumbo linauma wiki baada ya wiki, linajaa, linaunguruma. Choo mara kinafunga, mara kinaharisha, na mara nyingi maumivu hupungua ukishatoka chooni. Ukipigwa picha hakuna kidonda. Ukipimwa damu hakuna kitu. Mimi nimeishi na tumbo la namna hiyo zaidi ya miaka kumi. Katika zahanati mbalimbali nimetibiwa taifodi mara nyingi, amiba mara nyingi zaidi, na minyoo bila hesabu, na kila mara nilitoka na karatasi ya dawa na imani mpya ya wiki mbili. Hatimaye nilipopata jina la ugonjwa, nilipewa na ushauri: kula dona, kula mbaazi, kunde na mboga kwa wingi, ongeza nyuzinyuzi. Nilitii. Usiku tumbo lilikaza kama ngoma iliyowambwa motoni. Niliporudi kueleza, niliambiwa niongeze kiasi.

Ushauri ule una ukoo wake, na ukoo wake ni Mulago. Kama utumbo wa Mzungu unakaza kwa kukosa makapi, na kama maumivu ya IBS ni ya utumbo unaokaza, basi mpe mgonjwa pumba. Mwaka 1977 A. P. Manning, Ken Heaton na wenzao wa Bristol walichapisha jaribio dogo lililoonyesha kwamba nyuzinyuzi za ngano zinasaidia, na kwa miaka mingi pumba zikawa agizo la kwanza. Halafu mwaka 1994 Christopher Francis na Peter Whorwell wa Manchester wakafanya jambo la adabu: waliwauliza wagonjwa. Kati ya 100 waliowauliza, asilimia 55 walisema pumba ziliwazidishia ugonjwa. Waliosema ziliwasaidia walikuwa asilimia 10.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ilikuwepo tangu mwaka 1973, J. Ritchie alipoingiza kibofu cha mpira katika utumbo wa wagonjwa na kukijaza hewa taratibu. Wagonjwa wengi wa IBS waliumia kwa hewa ambayo wenzao wenye afya hawakuijali. Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham walitumia mashine ya MRI kutazama matumbo ya watu waliopewa inulini, aina ya nyuzinyuzi inayochacha upesi. Gesi ilijaa kwa wagonjwa, na kwa wazima ilijaa vilevile. Tofauti ilikuwa maumivu. Kwa maneno mengine, mtungi wangu hauchachi kuliko wa jirani yangu. Ukuta wake ndio unaosikia zaidi. Tangu mwaka 2005 Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wamezikusanya sukari zinazochacha upesi katika orodha moja, na wagonjwa wengi hupata nafuu wakizipunguza kwa muda, kisha kuzirudisha moja moja ili kujua ipi inawasumbua. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani wa mwaka 2021 unawashauri wagonjwa watumie nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kama maganda ya isapgol kutoka India, na hauzipendekezi zile zisizoyeyuka, kama pumba. Makapi si kitu kimoja. Kuna yanayochacha haraka, yanayochacha polepole, na yasiyochacha kabisa.

Sasa nirudi kwenye ramani ya Burkitt. Katika orodha za magonjwa ambayo Waafrika hawakuwa nayo, utumbo unaosumbua nao ulitiwa. Dhana hiyo iliishi muda mrefu, na bado nakutana nayo: ugonjwa wa wazungu, ugonjwa wa watu wa ofisini. Lakini tazama ilivyopatikana. Burkitt alihesabu kwa daftari za hospitali. Kwa kidole tumbo kilichopasuka hesabu hiyo ina nguvu, kwani mgonjwa wake ataletwa hata kwa machela, na asipoletwa atakufa. Mtu mwenye tumbo linalojaa haletwi kwa machela. Haui mtu ugonjwa huu, hauonekani kwenye meza ya upasuaji, na wakati ule hata fomu ya kuutambua haikuwepo. Kutokuwemo daftarini si kutokuwemo kijijini. Mara wanasayansi wa Afrika walipouliza maswali sahihi, wagonjwa walijitokeza. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliowakuta miongoni mwa wanafunzi wa tiba Nigeria, na mwaka 2002 G. N. Lule na E. O. Amayo waliandika katika East African Medical Journal kuhusu IBS kwa Wakenya, katika jarida lilelile ambamo Trowell aliandika habari za mgonjwa wake mmoja wa moyo.

Na lugha ilikuwa na ushahidi wake muda wote. Bibi zetu wana neno mchango. Ukiwauliza watakwambia ni kitu kilichomo tumboni mwa kila mtu, kinachotulia na kuamka, kinachosokota, kinachopanda na kushuka, kinachochokozwa na chakula fulani na pia na huzuni. Sidai kwamba mchango ni IBS. Neno hilo limebeba mengi, yakiwemo magonjwa ya uzazi na minyoo halisi. Lakini watu ambao hawana kabisa ugonjwa wa tumbo linalosokota bila kidonda hawatungi neno kama hilo, wala hawawi na mizizi mingi kiasi hicho ya kuutuliza. Mganga alikuwa na daftari ambalo Burkitt hakulifungua.

Mapishi nayo ni aina ya kumbukumbu. Nyumbani kwetu mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha na maji yale humwagwa, na wazee husisitiza: yamwage, usiyapikie. Sehemu ya zile sukari ndefu huyeyuka ikaondoka na maji hayo. Anayepika kwa haraka katika mji wa leo, kwa mkaa wa bei kubwa, huruka hatua hiyo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi inayopungua kwa kulowekwa, kuchachushwa na kukaushwa vizuri. Njaa inapofupisha kazi hiyo, adhabu yake si gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, kupooza miguu kusikopona, kunakowapata wanaoishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa na kukosa protini. Kinga iliyofundishwa baadaye ilikuwa nyepesi: lowesha unga, utandaze wembamba saa mbili juani au tano kivulini, sumu itoke hewani, ndipo usonge. Kuna uchachu unaopaswa kumalizika nje ya mwili, na upo unaofaa kuachiwa mtungi wa ndani. Kujua tofauti ni elimu, na elimu hiyo hupotea bila kelele.

Hata kiporo kimepata utetezi. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake huwa ngumu kusagwa, hivyo hufika kwa bakteria kama nyuzinyuzi. Trowell hakuuhesabu wanga huo, maana maelezo yake yalihusu kuta za seli tu. Mwanakijiji wa Uganda aliyepimwa choo huenda alilisha mtungi wake kwa ndizi na viazi vilivyopoa kama alivyoulisha kwa nyuzi. Mimi ugali wa muhogo wa jana naupenda, na tumbo langu halinigombezi. Ming'oko pia, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa barabarani kwa chumvi na pilipili, naila bila hofu. Mbaazi nakula kijiko, zikiwa zimelowekwa, na siku ninayojua sitaitwa kikaoni.

Siku hizi utafiti umerudi Tanzania, safari hii kwa bakteria wenyewe. Mwaka 2017 jarida la Science lilieleza jinsi bakteria wa matumbo ya Wahadzabe wanavyobadilika kwa misimu, wengine wakipotea na kurejea kadiri chakula cha porini kinavyobadilika. Mwaka 2025 Nature Medicine lilichapisha jaribio la Kilimanjaro lililowahusisha vijana wa kiume 77. Waliozoea vyakula vya asili walipohamishiwa vyakula vya Kimagharibi kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe-joto zilipanda katika damu. Waliohamia vya asili, na waliokunywa mbege, zilipungua. Burkitt angefurahi, na mimi nafurahi pia. Lakini jaribio lile lilipima kinga ya mwili kwa watu wenye afya. Halimwambii mwenye tumbo linalosikia sana ale nini leo usiku.

Hapo ndipo historia hii inaponigusa. Wauguzi wetu wanafundishwa, na ni haki yao kufundishwa, kwamba vyakula vya asili vinalinda. Sembe na maandazi vimetuletea kisukari na presha, na sitaki mtu yeyote aisome makala hii kisha akatupe dona lake. Shida inaanza ukweli wa watu wengi unapogeuzwa amri kwa mtu mmoja. Anayeambiwa aongeze nyuzinyuzi anastahili kuulizwa kwanza: zipi, kiasi gani, zimepikwaje, na ulipozila ilikuwaje?

Narudia mara kwa mara jedwali lile la mwaka 1972. Wanavijiji wa Uganda wamo bila majina, kama ilivyokuwa kawaida. Wana safu ya uzito wa choo na safu ya saa, na kwa safu hizo mbili walibadilisha kifungua kinywa cha nusu ya dunia. Safu ya maumivu haimo. Yawezekana wote walilala salama. Yawezekana mmoja wao, baada ya kukabidhi chombo chake kwa daktari, alikwenda kukaa chini ya mgomba, mkono tumboni, akisubiri mchango wake utulie.